Umebonyeza batani na hakuna kinachotokea: kutafuta chanzo kwenye ASP.NET Web Forms

Maswali ya batani kwenye Web Forms hayaishi, na ukiyasoma mengi unaona ni yaleyale yanajirudia: nabonyeza kimya, nabonyeza ukurasa unajirudia tu, nabonyeza mara moja rekodi zinaingia mbili, kwangu inakubali ila nikipandisha kwenye seva inagoma. Web Forms, teknolojia ya Microsoft ya kutengeneza kurasa za wavuti kwa C# au VB, ipo tangu 2002 na haikuhamishiwa kwenye ASP.NET Core, lakini mifumo iliyoandikwa nayo bado inapiga kazi kila siku, na wengi wanaoitunza saivi wameirithi tu kutoka kwa mtu aliyeondoka. Nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako, na kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana kisha nikashuka.

Kabla hujagusa kodi: ombi limefika kwenye seva au halijafika?

Wengi wanaliruka hili swali, wanaanza kubadilisha kodi kwa kubahatisha na mwisho wanaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Fungua brauza, bonyeza F12, nenda kwenye tabo ya Network, weka tiki kwenye Preserve log ili orodha isifutike ukurasa ukijipakia upya, alafu bonyeza batani yako. Hamna mstari mpya? Tatizo liko kwenye brauza, achana na C# kwanza. Umeona mstari wa POST (ombi la kutuma fomu) wenye jina la ukurasa wako? Ombi limeondoka, sasa ufungue huo mstari uangalie sehemu ya Payload, na humo unatafuta jina la batani yako, au uga unaoitwa __EVENTTARGET ukiwa na jina la batani ndani yake.

Hapo pa kuangalia kwa makini kwa sababu seva haina macho, haijui umebonyeza nini mpaka iambiwe. asp:Button ya kawaida ikifika kwenye brauza inakuwa input ya aina ya submit, na brauza inatuma jina la hiyo submit pamoja na data nyingine za fomu. ImageButton ni hivyohivyo ila jina linaongezewa .x na .y mwishoni. LinkButton yenyewe ni kiungo kinachoita JavaScript iitwayo __doPostBack, na hiyo ndo inayojaza __EVENTTARGET. Kama Payload haina chochote kati ya hivyo, methodi yako ya Click, ile inayofanya kazi batani ikibonyezwa, haiwezi kuitwa hata kodi yako ikiwa safi namna gani.

Cha pili cha kuweka kichwani: kila ukibonyeza, seva inaunda ukurasa mpya kabisa. Inapita Init, inarudisha ViewState (uga uliofichwa kwenye fomu unaobeba hali ya ukurasa kati ya ombi na ombi), inasoma data za fomu, inapita Load, ndo inaita Click, kisha PreRender na kutoa HTML. Ule ukurasa uliotengenezwa mtumiaji alipofungua mara ya kwanza ulishatupwa zamani, pamoja na vigezo vyote ulivyokuwa umeviweka kwenye klasi. Nusu ya dalili za hapa chini zinatokana na mtu kudhani ukurasa wa mwanzo bado upo unamsubiri.

Dalili: unabonyeza, hakuna ombi lolote linaloondoka

Mara nyingi kabisa ni validesheni. Kuna RequiredFieldValidator (kikaguzi cha uga ambao lazima ujazwe) sehemu fulani ya ukurasa, labda kwenye tabo iliyofichwa au kwenye paneli ambayo mtumiaji haioni, na inazuia fomu isitumwe bila kuonyesha ujumbe wowote unaoonekana. Kipimo chepesi: weka CausesValidation="false" kwenye batani kwa muda, jaribu tena. Ikikubali umeshampata mchawi. Usiiache hivyo lakini, rudisha, alafu zipe fomu zako ValidationGroup, kila fomu na kundi lake na batani yake iwe kwenye kundi hilohilo. Batani ya kutafuta iliyo juu ya ukurasa haina sababu ya kuzuiwa na uga wa namba ya simu ulioko chini.

Kinachofuata ni OnClientClick, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye brauza kabla fomu haijatumwa. Mtu aliwahi kuandika return false humo wakati anajaribu kitu na ikabaki, au function inayoitwa inarudisha false kwenye njia moja kati ya tatu. Fungua HTML yenyewe kwenye brauza, bofya kulia kwenye batani, Inspect, usome onclick yake jinsi ilivyo, usitegemee unachokiona kwenye faili la aspx maana kuna vitu vinaongezwa na seva. Na kuna mtego hapa: ukiwa na UseSubmitBehavior="false" pamoja na OnClientClick="return confirm('Una uhakika?')", batani haitatuma kamwe hata mtumiaji akikubali, kwa sababu ASP.NET inabandika __doPostBack baada ya kodi yako na ile return imeshamaliza kila kitu kabla haijafikiwa. Andika hivi:

`OnClientClick="if(!confirm('Una uhakika?')) return false;"`

Ya tatu ni kosa la JavaScript. Angalia tabo ya Console, kama kuna maandishi mekundu yanayotokea unapobonyeza au ukurasa unapofunguka, yamalize hayo kwanza. LinkButton ndo inaumia zaidi hapa kwa sababu bila JavaScript haina njia nyingine ya kutuma.

Ya nne watu inawachukua muda mrefu sana kuigundua: batani iko nje ya fomu. Web Forms inataka fomu moja tu yenye runat="server" na batani zote ziwe ndani yake. Sasa kuna zile popapu, kwa mfano dialog ya jQuery UI, ambazo zikifunguka zinachukua kipande chako cha HTML na kukihamishia mwishoni mwa body, na batani iliyokuwa ndani inajikuta nje ya fomu, ukibonyeza kimya. Dawa yake ni kuiambia dialog ijibandike kwenye fomu, appendTo: "form". Na kama kuna mtu ameweka form nyingine ya HTML ndani ya ile kubwa, labda kopi ya fomu ya kujiunga na jarida, brauza inapuuza tagi ya kufungua ya ndani lakini ile ya kufunga inaifunga fomu kubwa, kwa hiyo batani zilizo chini yake zinaweza kubaki nje. Ukifungua ukurasa kwa jicho unaona uko sawa kabisa. Inspect ndo inakuambia ukweli.

Dalili: ukurasa unajirudia ila methodi ya Click haiitwi

Hii ndo inaulizwa kuliko zote.

Anza na kitu cha aibu kidogo kukiuliza lakini ndo cha kwanza: OnClick ipo kwenye batani? Ukikata batani kwenye ukurasa mmoja ukabandika kwingine, au ukibadili ID yake, methodi inabaki kwenye faili la kodi ila hakuna kinachoiunganisha. Kwenye C# angalia OnClick="btnHifadhi_Click", kwenye VB angalia Handles btnHifadhi.Click mwishoni mwa methodi. Wengi wanakimbilia AutoEventWireup, wanaizima wanaiwasha, wakati hiyo inahusu matukio ya ukurasa wenyewe kama Page_Load, haihusiani na Click ya batani.

Pia hakikisha unachokiendesha ndo ulichokiandika. Kama brekipointi kwenye Visual Studio inaonyesha duara tupu lenye alama ya onyo, maana yake kodi inayoendeshwa sio hiyo iliyo mbele yako, dll (faili la kodi iliyojengwa) ni ya zamani. Safisha, jenga upya, jaribu tena.

Sasa twende kwenye chanzo ninachokiona kinapoteza muda wa watu kuliko vingine, kuzima batani kwa JavaScript. Mtu anataka kuzuia mtumiaji asibonyeze mara mbili, ni wazo zuri, anaandika OnClientClick="this.disabled=true;" na kuanzia hapo Click haiitwi tena. Kwenye brauza nyingine kama Chrome ombi lenyewe haliondoki kabisa, na kwenye zile linapoondoka Page_Load inaitwa, IsPostBack (alama kwamba fomu imetumwa, sio ukurasa kufunguliwa mara ya kwanza) ni true, data za fomu zote zimefika, ila Click hamna. Kinachotokea ni kwamba brauza haitumi uga wowote uliozimwa, hiyo ni kanuni ya HTML, na batani imezimwa sekunde ileile kabla fomu haijakusanywa, kwa hiyo jina lake limeachwa nje. Kama ombi limeondoka, fungua Payload utaona mwenyewe, uga zote zipo kasoro btnHifadhi. Seva imepokea fomu isiyosema nani kaituma. Rekebisha kwa kuifanya batani ipite njia ya __doPostBack:

```
<asp:Button ID="btnHifadhi" runat="server" Text="Hifadhi"
    OnClick="btnHifadhi_Click"
    UseSubmitBehavior="false"
    OnClientClick="this.disabled=true;" />
```

Sasa jina linabebwa na __EVENTTARGET na haijalishi batani imezimwa. Ila kama ukurasa una validesheni ujue kwamba mtumiaji akikosea kujaza, batani inabaki imezimwa na hawezi kujaribu tena mpaka apakie ukurasa upya, kwa hiyo hapo izime tu kama Page_ClientValidate() imerudisha true, na kama unatumia ValidationGroup uipe hiyo methodi jina la kundi.

Chanzo kinachofuata ni batani zinazotengenezwa na kodi. Umeandika new Button(), ukaiweka kwenye Panel, ukaiunganisha na Click += ..., inaonekana vizuri kwenye ukurasa, ukiibonyeza inapotea na hakuna kilichotokea. Kumbuka ukurasa unaundwa upya: seva inapopokea ombi inatafuta batani yenye jina lililotumwa, na kama hujaitengeneza tena kwenye ombi hilo haiikuti. Itengeneze kwenye Page_Init, kila mara, sio ndani ya if (!IsPostBack), na uipe ID uliyoichagua mwenyewe ambayo haibadiliki kutoka ombi moja hadi jingine. Ukiacha bila ID, mfumo unaipa namba kwa mpangilio, na siku kontroli moja ikiongezeka juu yake namba zinasogea na tukio linaangukia batani nyingine au linapotea.

Ngumu zaidi ni pale batani A ikibonyezwa inazalisha batani B. B imezaliwa ndani ya Click ya A, na ukibonyeza B ombi jipya halipiti tena kwenye Click ya A, kwa hiyo B haipo. Hapo weka alama kwenye ViewState kwamba B ilishaonyeshwa, na kwenye Page_Load ukiikuta hiyo alama uitengeneze B tena. Page_Load, sio Page_Init, maana kwenye Init ViewState bado haijarudi. Kama unaweza kukwepa kabisa, iweke B kwenye aspx toka mwanzo na Visible="false" kisha uiwashe inapohitajika, kazi yote hiyo inaisha.

Mwisho kwenye dalili hii, angalia kama kuna kuelekezwa njiani. Ukiona kwenye Network mstari wa POST wenye 301 au 302 na chini yake GET ya ukurasa uleule, ujue sheria fulani ya kupeleka watu kwenye https au kwenye www imekamata ombi, na brauza ikielekezwa kwa 301 au 302 inageuza POST kuwa GET na data zote za fomu zinaachwa njiani. Rekebisha fomu iende moja kwa moja kwenye anwani ya mwisho.

Dalili: Click inaitwa ila data ni ya zamani, au tupu

Mtumiaji amebadili jina kwenye uga, amebonyeza Hifadhi, umesoma txtJina.Text na umekuta jina la zamani. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: unajaza fomu kwenye Page_Load bila kuangalia IsPostBack. Load inatangulia Click, kwa hiyo kodi yako inachukua rekodi kutoka kwenye databesi na kuifuta ile aliyoandika mtumiaji, alafu ndo Click inakuja kuhifadhi kile ulichokirudisha mwenyewe.

```
protected void Page_Load(object sender, EventArgs e)
{
    if (!IsPostBack)
    {
        JazaFomu();
    }
}
```

DropDownList inayorudi kwenye chaguo la kwanza kila ukibonyeza ni ugonjwa huohuo na dawa ni hiyohiyo.

Kama kilichopotea ni kigezo cha klasi, mfano orodha ya bidhaa uliyoijaza kwenye batani ya kwanza na kwenye batani ya pili ni null, basi umeiweka mahali pasipodumu. Vitu vidogo viweke ViewState, vikubwa au vya siri viweke Session, hifadhi ya kila mtumiaji iliyoko kwenye seva. Usikimbilie static eti kwa sababu inakubali. Static ni ya watumiaji wote kwa pamoja, ukijaribu peke yako itakubali kweli, siku watu wawili wakiingia mmoja ataona data za mwenzake.

Na kama Session yenyewe ndo inakuja tupu: muda wake wa kawaida ni dakika 20 bila kuguswa, na application pool ya IIS (mchakato unaoendesha mfumo wako kwenye seva ya wavuti ya Windows) nayo kwa mpangilio wa kawaida inalala ikikaa dakika 20 bila ombi, na ikilala Session iliyoko kwenye memori inaondoka nayo. Kila unaposoma Session uliza kwanza kama ni null na umpeleke mtumiaji kuingia upya kwa ustaarabu.

Dalili: batani ndani ya GridView au Repeater

Hizi ni kontroli zinazoonyesha orodha ya rekodi safu kwa safu. Usitafute Click hapa, tumia RowCommand kwa GridView na ItemCommand kwa Repeater, na batani uipe CommandName. Kama haiitwi, angalia DataBind (kuijaza kontroli data) iliyo kwenye Page_Load bila IsPostBack, inabomoa safu zote na kujenga mpya kabla tukio halijafika kwa mwenyewe.

Ikiitwa ila kwa safu isiyo yake, angalia CommandArgument. Kwenye ButtonField mfumo unakuwekea namba ya safu, lakini kwenye batani uliyoiweka ndani ya TemplateField hakuna anayekuwekea, lazima uiandike mwenyewe, na ni bora uweke ufunguo wa rekodi kuliko namba ya safu. Kwa batani ya Futa hili sio pambo. Mtu akipanga orodha upya au mwenzake akiongeza rekodi katikati, namba ya safu inaweza kufuta kitu kingine.

Kuna moja inatokea kwenye gridi kubwa tu: safu chache inakubali, zikiwa nyingi unapata "Operation is not valid due to the current state of the object". Fomu imezidi uga 1,000, ambacho ni kikomo cha aspnet:MaxHttpCollectionKeys. Unaweza kupandisha namba kwenye web.config, ila kikomo hicho kiliwekwa kuzuia watu kuiangusha seva kwa fomu kubwa za makusudi, kwa hiyo mimi ningegawa gridi kwa kurasa kwanza.

Dalili: kitendo kinafanyika mara mbili

Cheki rahisi kwanza: kwenye Network kuna POST moja au mbili?

Ikiwa moja, methodi imeunganishwa mara mbili. OnClick kwenye aspx na += kwenye kodi, au kwenye VB OnClick pamoja na Handles. Futa mojawapo. Page_Load inayoitwa mara mbili ni hivyohivyo, AutoEventWireup iko true na bado kuna mtu kaiunganisha kwa mkono.

Ikiwa mbili, mtumiaji kabonyeza mara mbili au kapakia ukurasa upya baada ya kuhifadhi na brauza ikatuma fomu tena. Kuzima batani kunasaidia kwa hilo la kwanza. Kwa la pili, ukimaliza kuhifadhi mwelekeze mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa Response.Redirect ili akipakia upya apakie GET isiyo na madhara. Kama hiyo Redirect iko ndani ya try na catch yako inakamata Exception yoyote, utaona ThreadAbortException kwenye logi na utadhani kuna kitu kimeharibika, tumia Response.Redirect(url, false) kisha Context.ApplicationInstance.CompleteRequest(), na hakikisha hakuna kodi nyingine inayoendelea chini yake.

Lakini yote hayo ni ya upande wa mtumiaji, ulinzi wenyewe uko kwenye databesi. Ipe kila fomu namba yake ya kipekee inapofunguliwa, na weka unique constraint (kizuizi cha thamani kujirudia) kwenye safuwima inayoihifadhi, ombi la pili likija na namba ileile databesi inalikataa.

SIMAMA HAPA kama batani inahusu pesa. Ukigundua malipo yameingia mara mbili usianze kufuta rekodi kwenye databesi ili mahesabu yakae sawa. Zima batani, tunza logi zote, mwite msimamizi wa databesi na mtu wa hesabu, na wasiliana na mtoa huduma ya malipo mlinganishe kwanza. Ukifuta unapoteza ushahidi wa kumrudishia mteja pesa yake.

Dalili: ukurasa wa kosa unatokea ukibonyeza

"Invalid postback or callback argument": seva imepokea thamani ambayo haikuitoa yenyewe. Mara nyingi ni DataBind isiyo na IsPostBack, au JavaScript imeongeza chaguo kwenye DropDownList bila seva kujua. Utakutana na ushauri wa kuzima EnableEventValidation, kosa litaondoka kweli, na ulinzi nao utaondoka, sasa yeyote anaweza kutuma thamani ambayo hukumwonyesha. Tafuta chanzo.

"A potentially dangerous Request.Form value": mtumiaji ameandika kitu kinachofanana na HTML, labda alama ya < ikifuatiwa na herufi. Kama uga huo unahitaji HTML kweli, legeza kwa uga huo peke yake kwa ValidateRequestMode="Disabled", ipo kuanzia .NET 4.5, ila mfumo uwe na requestValidationMode="4.5" kwenye web.config. Kisha ukionyesha maandishi hayo uyapitishe kwenye HtmlEncode ili brauza iyaonyeshe kama maandishi tu. Usilegeze kwa mfumo mzima.

"Validation of viewstate MAC failed": ViewState iliyorudi imesainiwa kwa ufunguo ambao seva hii haiutambui. Kama mna seva zaidi ya moja, kila moja inajitengenezea ufunguo wake, na mtumiaji akifunguliwa ukurasa na seva ya kwanza kisha kubonyeza kwake kukaangukia ya pili inakataa. Ndo maana kosa linakuja na kuondoka. Dawa ni machineKey (mpangilio wa web.config unaobeba ufunguo huo) moja kwenye seva zote.

Hapa pia simama, mwite anayesimamia seva. Usichukue machineKey ya mfano kutoka mtandaoni ukaibandika. Februari 2025 Microsoft ilitoa tahadhari kuwa imekuta funguo zaidi ya 3,000 za aina hii zikiwa hadharani, na mwenye ufunguo wako anaweza kutengeneza ViewState yake na kuendesha kodi ndani ya seva yako. Ufunguo utengenezwe upya, uwe wa kwenu tu, na usiwekwe kwenye hazina ya kodi inayoonekana na kila mtu. Wazo la kuzima EnableViewStateMac lisahau kabisa, kuanzia .NET 4.5.2 hata haikubali.

Dalili: ndani ya UpdatePanel mambo hayaendi

UpdatePanel ni paneli inayosasisha sehemu ya ukurasa bila kupakia ukurasa wote. Makosa ya seva humu yanajificha, ukurasa unakaa kimya na maelezo yako kwenye Console, kwa hiyo anzia huko. Njia ya haraka ya kutenganisha ni kuweka EnablePartialRendering="false" kwenye ScriptManager, ukurasa utatuma kawaida na kosa litaonekana lote. FileUpload ndani ya UpdatePanel inaleta HasFile false kila mara kwa sababu faili halibebwi kwa njia hiyo, weka PostBackTrigger ya batani husika. Na PageRequestManagerParserErrorException mara nyingi ni Response.Write ambayo mtu aliiacha wakati anatafuta tatizo jingine.

Dalili: mtumiaji anabonyeza Enter na batani isiyo yake inafanya kazi

Brauza inachukua submit ya kwanza inayoikuta kwenye fomu, mara nyingi ni ile ya kutafuta au ya kutoka iliyo juu kabisa. Zungushia sehemu yako Panel yenye DefaultButton="btnHifadhi". Imeisha.

Dalili: kwenye mashine yako inakubali, kwenye seva inagoma

Angalia kwanza kama inagoma ukiingia kwa anwani fupi, bila Default.aspx mwishoni. Kuanzia ASP.NET 4 fomu ya ukurasa uliofunguliwa hivyo inatoka na action tupu, na kwenye IIS 7 na 7.5 ikiwa Integrated Mode matukio yanaweza yasiitwe. Ukiandika Default.aspx kwa mkono ikakubali, umepata: weka action="Default.aspx" kwenye fomu.

Kama inagoma pale tu mtumiaji anapopakia faili, ni ukubwa. ASP.NET yenyewe inaishia KB 4,096, yaani MB 4, hiyo ni maxRequestLength, na juu yake IIS ina maxAllowedContentLength ya baiti 30,000,000. Ukipandisha angalia vipimo, ya kwanza inahesabiwa kwa KB na ya pili kwa baiti, watu wanachanganya wanaweka namba moja kwenye zote mbili. Kazi inayochukua muda mrefu nayo inakatwa, executionTimeout ya kawaida ni sekunde 110, na hapo badala ya kuongeza sekunde ihamishe kazi ifanyike nyuma ya pazia na batani iseme tu imepokelewa.

Hamna hata kimoja kati ya hivyo? Fungua Event Viewer ya seva, sehemu ya Application, usome kosa la dakika ileile uliyobonyeza. Ukikuta ni ruhusa za folda, cheti, au application pool inayozimika yenyewe, usibadili ruhusa kuwa Everyone Full Control ili mradi ikubali. Mpe fundi wa seva saa kamili, anwani ya ukurasa na maandishi ya kosa yote, na umwambie POST ilirudi na namba gani kwenye Network.